Kupanga Taa za Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza maswali haya ni watu walio katikati ya ujenzi, waliohamia nyumba mpya wakakuta mwanga hauwaridhishi, na wapangaji wanaotaka sebule ipendeze bila kugombana na mwenye nyumba. Majibu yanafuata hali ya Tanzania, umeme wa volti 230 na mafundi wetu wa mtaani, ingawa mengi yanafaa pia Mombasa au Kampala. Unaweza kuruka hadi swali linalokuhusu. Ila kama unajenga, anza na la kwanza, maana lina siku ya mwisho: siku fundi atakapoanza kupiga plasta.

Nyumba bado iko kwenye lenta. Si mapema mno kufikiria taa?

Ndio wakati wenyewe. Mabomba ya waya na boksi za swichi huchimbiwa ukutani kabla ya plasta, na kwenye ghorofa mabomba ya taa za vyumba vya chini hulazwa kwenye nondo kabla ya kumwaga zege la slabu. Baada ya hapo kila taa unayoikumbuka inakugharimu mara mbili: kuchanja ukuta na kuurudisha, kisha rangi ambayo haitafanana na ya zamani.

Kabla ya kumwita fundi umeme, chora samani. Kitanda kitakaa ukuta gani? Sofa litatazama wapi? Meza ya chakula ni ya watu wangapi na itakaa sehemu gani? Wengi hufanya kinyume: fundi anaweka taa moja katikati ya kila chumba na swichi moja mlangoni, halafu familia inapanga maisha yake kuzunguka taa hiyo. Taa huwekwa mahali kazi inapofanyika na mahali jicho linapotazama, na katikati ya chumba mara nyingi hapana hata kimoja kati ya hivyo.

Chukua chaki, tembea na fundi chumba kwa chumba, chora ukutani kila swichi, soketi na taa. Funga mlango wa kufikirika kwa mkono ujue utafungukia upande gani. Swichi ikae upande wa kitasa, kimo cha kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Ajabu ni kwamba mpaka leo zinajengwa nyumba nzuri ambazo ukiingia unaufunga mlango kwanza ndipo uione swichi nyuma yake.

Sebule yangu ni mita 4 kwa 5. Niweke balbu ngapi?

Swali la balbu ngapi halijibiki mpaka ujue balbu zenyewe zinatoa mwanga kiasi gani. Kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa ni lumeni, nacho huandikwa kwenye boksi. Kipimo cha mwanga unaofika mahali ni laksi, yaani lumeni kwa kila mita mraba. Sebule ya kukaa na kupiga soga inaridhika na laksi 100 hadi 200. Kusoma au kushona kunataka laksi 300 hadi 500 pale pale penye kitabu au kitambaa, si chumba kizima.

Piga hesabu. Sebule yako ina mita mraba 20. Ukitaka laksi 150 unahitaji lumeni 3,000 zifike chini. Lakini sehemu kubwa hupotea kwenye kava, dari na kuta, kwa hiyo kadiria mara mbili: lumeni 6,000 kwa taa zote zikiwashwa pamoja. Balbu ya kawaida ya LED ya wati 9 hutoa kama lumeni 800, hivyo ni balbu saba au nane. Usizifunge zote katikati kwenye taa moja kubwa ya mapambo. Zigawe: tatu nne juu, mbili ukutani, moja ya kusimama pembeni ya sofa, nyingine kwenye kona iliyo mbali na mlango. Kisha zigawanye kwenye swichi tatu tofauti, kwa sababu usiku wa wageni na usiku wa kutazama mpira havihitaji mwanga mmoja.

Namba hizi ni za kuanzia tu. Kuta za rangi nyeusi au kahawia nzito zitakula mwanga wako hadi ushangae.

Kwa nini rangi ya ukuta iwe na maana kiasi hicho?

Kwa sababu mwanga mwingi unaouona chumbani umeshagonga ukuta au dari kwanza. Rangi nyeupe safi hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, na rangi nzito hurudisha chini ya asilimia 20. Dari la mbao za mninga linapendeza, hakuna ubishi, lakini taa ya kuelekea juu chini ya dari hilo ni umeme wa kutupa.

Wazee wa Lamu na Unguja walilijua hili bila kipimo chochote. Vyumba vya nyumba zao za mawe ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti za mikoko haziwezi kuvuka upana mkubwa, na mwanga huingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kuta walizipaka chokaa nyeupe mpaka ndani kabisa, mwanga ukawa unasafirishwa na ukuta wenyewe hadi kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chumba cha nyuma. Ukiwa na bajeti ndogo, ndoo ya rangi nyeupe ya dari ni uwekezaji wa kwanza kwenye taa.

Wati bado zina maana yoyote?

Zina maana kwa LUKU, mita yako ya umeme, si kwa macho. Wati ni umeme unaoliwa. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga unaokaribiana na wa LED ya wati 9. Dukani usiulize "ya wati ngapi", geuza boksi utafute lumeni. Boksi lisilo na lumeni wala rangi ya mwanga, lirudishe kwenye shelfu hata kama bei inavutia.

Mwanga mweupe au wa njano?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikia. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: 2700 hadi 3000 ni wa njano, 4000 uko katikati, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Madukani kwetu 6500 imejaa kila kona, na wauzaji huisifia kuwa inaangaza zaidi. Kwa lumeni sawa haiangazi zaidi, inaonekana kali tu.

Kwa maoni yangu: sebuleni na vyumbani weka 3000 au chini yake. Jikoni, meza ya kusomea na kufulia weka 4000. Hiyo 6500 iachie karakana na duka. Kuna wanaosema njano inawakumbusha zama za koroboi na nyeupe ndiyo maendeleo. Sawa, nyumba ni yao, ila mwanga wenye bluu nyingi usiku huchelewesha usingizi, na hilo halijali maendeleo.

Zaidi ya yote, usichanganye ndani ya chumba kimoja. Balbu nne za njano na mbili nyeupe kwenye dari moja huonekana kama ukarabati ulioishia njiani. Nunua za ziada siku hiyo hiyo na uandike namba ya Kelvini mahali utakapoiona, kwa sababu miezi minane baadaye muuzaji atakuuzia yoyote iliyopo.

Kwa nini kitenge changu kinaonekana tofauti nikiwa nyumbani na nikiwa nje?

Hiyo si Kelvini. Ni uwezo wa taa kuonyesha rangi kama zilivyo, unaoandikwa Ra au CRI kwa kipimo kinachoishia 100. Balbu za rahisi huwa 70 na kitu, nazo hufanya wekundu ufifie, nyama ionekane imelala na ngozi nyeusi ionekane ya kijivu. Chukua 80 kwenda juu, na 90 kwa kioo cha kujipambia, kabati la nguo na meza ya kukatia jikoni. Tofauti ya bei hailingani na tofauti utakayoiona usoni.

Fundi wa jipsamu amenichorea spoti 24, zile taa ndogo za kuzamisha darini, sebuleni. Inatosha?

Inatosha kwa duka la simu. Tuzungumze kidogo hapa, maana spoti za jipsamu zimekuwa ugonjwa.

Spoti hutupa mwanga chini kwa mduara. Yenye pembe ya digrii 36, ikiwa mita mbili juu ya meza, inaangaza duara la upana wa mita 1.3 tu. Ukizipanga kwa mistari iliyonyooka bila kuangalia kilicho chini yake, unapata sakafu yenye madoa ya mwanga, kuta zenye giza juu na watu wenye vivuli chini ya macho. Ukumbi una spoti 24, na baba anasogea dirishani apate kusoma gazeti. Mwenye nyumba huongeza spoti nane nyingine, na tatizo liko pale pale.

Mwambie fundi apunguze nusu, kisha zilizobaki zipewe kazi. Safu moja isogee karibu na ukuta, sentimita 60 hadi 80 kutoka ukutani, imulike ukuta wenye picha au pazia. Chumba kitaonekana kikubwa mara moja. Mbili juu ya meza ya kahawa. Moja au mbili juu ya mmea au kabati. Fedha iliyobaki inunue taa mbili za ukutani na moja ya kusimama. Chagua spoti ambazo chanzo cha mwanga kimezama ndani, usikione ukiwa umekaa kwenye sofa, maana spoti bapa zinazong'aa usawa wa dari humulika macho usiku kucha.

Zile stripu za LED za kuficha kwenye kingo za jipsamu zinafaa, mradi ziwe za rangi moja. Za kubadilika zambarau na kijani utazichoka kabla ya mwezi kuisha. Hakikisha pia adapta yake imewekwa mahali mkono unafika, kwani itakufa kabla ya stripu yenyewe, na hutaki kuvunja jipsamu kuitoa.

Pangaboi likizunguka mwanga unachezacheza. Ni umeme mdogo?

Si umeme. Kuna taa juu ya mapanga au iliyo sambamba nayo, na kila panga linapopita linaukata mwanga. Kichwa kitauma na macho yatachoka bila kujua sababu. Taa zikae nje ya mzunguko wa mapanga, au zining'inie chini kuliko pangaboi, au utumie za ukutani. Mkoa wenye joto, amua kwanza pangaboi linakaa wapi, ndipo upange taa.

Kama mwanga unacheza hata pangaboi likiwa limezimwa, elekeza kamera ya simu kwenye balbu. Ukiona mistari inayopita kwenye skrini, balbu yenyewe ina saketi duni ndani. Balbu nzuri haionyeshi mistari hiyo, au huonyesha kidogo sana.

Jikoni nina tyubulaiti katikati, lakini nikikatakata mboga sioni vizuri.

Kwa sababu umesimama kati ya taa na kibao. Mwili wako ndio unaotia kivuli. Taa ya katikati ibaki kwa ajili ya kutembea na kufungua makabati, lakini meza ya kazi ipate yake. Kama una makabati ya juu, funga stripu chini yake kwenye reli ya aluminiamu yenye kifuniko cheupe kama maziwa, upande wa mbele wa kabati, si nyuma karibu na ukuta. Meza ya urefu wa mita 2.4 inatosheka na jumla ya lumeni 1,000 hivi. Kama huna makabati ya juu, spoti mbili juu ya ukingo wa meza zitafanya kazi hiyo hiyo.

Sinki ina haki ya taa yake. Vivyo hivyo jiko la nje kwa wanaopikia mkaa uani: taa isiyopitisha maji ukutani, pembeni ya mpishi, mbali na moshi unapopandia.

Taa ya kuning'inia juu ya meza ya chakula ikae kimo gani?

Sentimita 70 hadi 80 kutoka juu ya meza hadi chini ya kava. Juu zaidi inawamulika walaji machoni, chini zaidi inawaficha waliokaa upande wa pili. Na kwa kuwa meza hiyo hiyo ndiyo ya watoto kufanyia homuweki, usiweke balbu hafifu ya urembo. Lumeni 800 kwenda juu.

Chumba cha kulala kinahitaji nini?

Kidogo kuliko unavyofikiri kwa juu, kikubwa zaidi pembeni. Unapolala chali, taa ya dari iko machoni mwako moja kwa moja. Weka taa mbili za ukutani, moja kila upande wa kitanda, kimo cha kama mita 1.2 hadi 1.4, kila moja na swichi yake, ili mmoja asome na mwingine alale.

Jambo ambalo michoro ya kuiga mitandaoni haina ni chandarua. Swichi ya taa ya kitandani iwe mahali unapofika bila kuufungua wavu mzima, na taa yenyewe isiguse wavu. Swichi ya tuwei ni bora: moja mlangoni, nyingine kitandani, zote zinawasha taa moja. Waya wake unaongezeka kidogo tu ukipangwa mapema. Usiwashe mshumaa karibu na chandarua umeme ukikatika, hata dakika moja.

Ndani ya kabati la nguo weka taa ya kujiwasha mlango ukifunguliwa. Ni anasa ndogo, lakini asubuhi ya saa kumi na moja utaishukuru.

Bafuni nifunge taa yoyote?

Usifunge yoyote tu unayoikuta. Maji na umeme wa volti 230 havina suluhu. Kila taa ya kufaa bafuni ina namba ya IP: tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili dhidi ya maji. Kanuni za kimataifa za waya hugawa bafu kwa maeneo. Penye bomba la mvua au beseni la kuogea, mpaka kimo cha mita 2.25 kutoka sakafuni, na sentimita 60 kulizunguka eneo hilo, taa iwe na tarakimu ya pili isiyopungua 4, yaani IP44 au zaidi. Mimi huandika IP65 moja kwa moja, kwa sababu bafu zetu nyingi ni ndogo na choo, bomba na kioo vimekaa pamoja, maji yanaruka kila mahali.

Swichi ikae nje ya mlango. Na saketi ya bafu ipite kwenye breka ya kuzuia uvujaji wa umeme, ile ya miliampia 30. Fundi akikuambia hiyo ni gharama isiyo na sababu, tafuta fundi mwingine.

Kwenye kioo, taa moja juu ya kichwa hukutia kivuli chini ya nyusi na kidevu. Mbili, kushoto na kulia usawa wa uso, zinaonyesha uso mzima. Wanaonyoa ndevu na wanaopaka wanja watakubaliana hapa.

Korido na ngazi?

Tuwei kila mwisho, basi. Kwenye ngazi taa imulike ukingo wa kila kidato bila kukupiga machoni unaposhuka. Taa ndogo za sensa zilizofungwa chini ukutani zinamtosha mtoto anayekwenda msalani usiku.

Mama ana miaka sabini na anakuja kukaa nasi. Nibadilishe chochote?

Ndiyo, na si kuongeza mwanga tu. Lenzi ya jicho hugeuka njano na mboni hupungua upana kadiri umri unavyokwenda. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba jicho la miaka sitini hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaofika ndani ya jicho la miaka ishirini. Wakati huo huo macho hayo huumizwa zaidi na taa iliyo wazi. Kwa hiyo mpe taa nyingi zenye kava, si balbu moja kali. Weka tuwei kitandani kwake, taa ya sensa kutoka kitandani hadi chooni, na rangi ya ukingo wa kidato itofautiane na sakafu.

Taa za nje: nimulike uzio wote?

Usiku wetu ni mrefu mwaka mzima. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, iwe Januari au Julai, na giza huingia haraka. Kwa hiyo taa ya nje hufanya kazi saa 11 au zaidi kila siku. Sensa ya mwanga, inayowasha jioni na kuzima alfajiri, hujilipa yenyewe kwa sababu hakuna anayesahau kuzima. Sensa ya mwendo kwenye geti na mlango wa nyuma hufaa zaidi kuliko mafuriko ya mwanga yasiyozimika: taa inayowaka ghafla inamshtua anayenyatia na kumwamsha mlinzi.

Mwanga mkali mno ukutani hukufanya usione kilicho nje ya mwanga huo. Elekeza taa chini, zisimulike angani wala chumba cha jirani. Kuna ugomvi wa mitaa mizima ulioanza na taa moja ya wati 100 iliyoelekezwa dirisha la watu.

Wadudu ni suala la rangi pia. Mwanga mweupe wenye bluu huwavuta zaidi. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, baraza yenye 6500 itajaa mbawa hadi asubuhi. Ya njano, 2700 au chini, huwavuta kidogo. Kama unawataka kumbikumbi kwa ajili ya kukaanga, basi washa nyeupe, ila iwe mbali na mlango.

Mliopo pwani, chumvi ya bahari hula chuma kwa miezi. Chagua plastiki nzuri, shaba au chuma kisichoshika kutu, IP65, na skrubu za aina hiyo hiyo. Taa nzuri iliyofungwa kwa skrubu za kawaida itaanguka ikiwa bado inawaka.

Nikizima, balbu ya LED inabaki na mwanga hafifu. Ni pepo?

Ni waya. Sababu ya kwanza, na ya hatari: fundi ameweka swichi kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa laini, ule unaoleta umeme. Ukizima, taa inaacha kuwaka lakini holda bado ina umeme. Siku ya kubadilisha balbu mtu anaweza kurushwa. Balbu za zamani hazikuionyesha kasoro hii, LED inaionyesha kwa sababu inahitaji umeme kidogo mno kutoa mwanga. Mwite fundi apime kwa testa swichi ikiwa imezimwa.

Sababu nyingine hazitishi: swichi yenye kijitaa cha kuonyesha ilipo gizani, au nyaya ndefu za tuwei zilizolazwa sambamba. Hizo hazina madhara, ila thibitisha kwanza kwamba si ile ya kwanza.

Boksi linasema saa 15,000, lakini balbu imekufa baada ya miezi minne.

Saa 15,000 kwa matumizi ya saa tano kwa siku ni miaka minane. Ikifa mapema, mara nyingi muuaji ni joto. LED yenyewe haichoki upesi. Kinachokufa ni saketi iliyo kwenye kitako chake. Balbu iliyofungiwa kwenye kava ya kioo isiyo na upenyo, au spoti iliyobanwa juu ya jipsamu chini ya mabati yanayochomwa na jua mchana kutwa, hupikwa polepole. Chagua kava zenye upenyo, au balbu za wati ndogo zaidi kwenye kava zilizofungwa. Umeme unaopanda na kushuka nao huua, na holda iliyolegea hutoa cheche ndogo zinazomaliza balbu moja baada ya nyingine. Kama balbu zinakufa kwenye holda ile ile tu, badilisha holda.

Taa kweli zinaonekana kwenye LUKU?

Balbu sita za wati 60 zikiwaka saa tano kwa siku zinakula uniti 54 kwa mwezi. Sita za wati 9 zinakula uniti 8 na nukta. Mteja mdogo wa TANESCO wa daraja la D1 ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, na akivuka bei ya uniti inapanda kwa kishindo. Kwa hiyo balbu za zamani peke yake zinammalizia karibu robo tatu ya nafasi yake kabla ya friji na pasi. Kwa Kenya, ambako daraja la chini kabisa lina kikomo cha uniti 30, zinamtoa kwenye daraja hilo bila msaada wa kitu kingine.

Ukishahamia LED, acha kuhangaika na kuzima taa ya korido. Pasi ya wati 1,000 kwa saa moja inakula kuliko balbu ya wati 9 kwa siku nne mfululizo.

Umeme ukikatika?

Balbu za kuchaji zenyewe zinazoingia kwenye holda ya kawaida zimeokoa wengi. Weka moja jikoni, moja ngazini, moja chumba cha watoto, si kila mahali. Angalia kitako kabla ya kununua: za pini mbili na za kuzungusha haziingiliani. Kwa nyumba inayojengwa, mwambie fundi atenge saketi moja ya taa muhimu peke yake, ili siku ukinunua sola au inveta uiunganishe hiyo tu bila kugusa nyumba nzima.

Nimepanga, siwezi kuchimba ukuta.

Unaweza mengi. Badilisha balbu zote ziwe za 3000, za zamani ziweke kwenye boksi uzirudishe ukihama. Nunua taa mbili za kuchomeka soketini, moja ya kusimama nyuma ya sofa na moja ya mezani. Kava za ukili au mkeka kutoka kwa wasusi hutoa mwanga mtamu, na kwa LED hazichomeki kirahisi kama zilivyokuwa zikiungua juu ya balbu za zamani. Usiunganishe taa tano kwenye ekstensheni moja iliyopita chini ya zulia.

Dima, swichi ya kupunguza mwanga, inafaa?

Inafaa sebuleni na chumbani, mradi boksi la balbu liseme inakubali kupunguzwa. Balbu isiyokubali italia, itapepesa, kisha itakufa. Kama bajeti ni ndogo, swichi tatu zenye taa tofauti zinafanya karibu kazi ile ile.

Nimpe nani kazi hii?

Fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania Bara, EPRA kwa Kenya. Uliza leseni bila aibu. Mwambie unataka waya wa milimita mraba 1.5 kwa taa na breka yake ya ampia 6 au 10, ethi iliyopimwa, na waya wa ethi ufike kwenye kila taa ya chuma. Kabla plasta haijapigwa, piga picha kila ukuta ukiwa na rula au futi pembeni ionekane kimo cha mabomba, kisha zihifadhi mahali pawili. Siku ya kutundika televisheni na fundi akiwa ameshika drili, utajua pa kutoboa.